Mahali Emiliana Aliposimama

Tluway alikuwa na mguu mdogo, mkewe alikuwa na mguu mkubwa, na siku ya harusi yao watu wa Katesh walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana harusi kaazima viatu vya mtoto wa kwaya, walisema, na bibi harusi angechongewa mitumbwi. Emiliana mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Sasa Emiliana alikuwa chini ya udongo nyuma ya kanisa. Mguu wake mkubwa ulikuwa umebaki ndani ya viatu viwili vya kijani, na Tluway aliviziba matambara nchani visimpwaye, akavivaa kila asubuhi kwenda kwenye mashine yake ya kusaga.

Umaskini haukuhusika. Kandambili alikuwa nazo, na viatu vya kanisani alikuwa navyo. Alivaa vile vya kijani ili atembee na mke wake.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Hanang na baridi yake yote. Alifunga kamba, akafunga mlango, akaanza. Mwanzoni hapakuwa na kitu, viatu tu. Kwenye kona ya ghala la vitunguu soli zilikuwa zimeshapata joto, na Emiliana akaja. Kwanza kisigino cha kulia kilivutwa kidogo kwenda nje, kwa maana aliwahi kuteguka kifundo akiwa msichana na hakikupona sawasawa. Kisha ikafuata ile namna yake ya kudonoa ardhi kwa vidole, kama kuku aliyeona punje.

"Umeamka salama?" Tluway alimwuliza, chinichini, watu wasisikie.

Ndivyo zilivyo soli hai. Zinapikwa kwa utomvu laini kama ugali wa moto, na ndani ya utomvu kuna mishipa myembamba kuliko unywele. Ukikanyaga, inabonyea na kukumbuka. Akija mwingine, inamrudishia ilichokumbuka: pale wa kwanza alipokandamiza inamsukuma, pale alipolegea inamlegeza. Na mguu wa binadamu ni mbea. Ukisukumwa hivyo kwa mwendo wa kutosha utajua kwamba aliyekutangulia alikuwa na haraka, au hofu, au ametoka kugombana na mumewe. Mijini watu walinunua habari za wenzao kwa njia hiyo. Kulikuwa na viatu vya askari anayerudi nyumbani, na vya mama aliyejifungua njiani, na watu walizunguka navyo uwanjani wakilia machozi. Kwa wakimbiaji haikuwa starehe. Baraza la Nyayo ndilo lililotoa viatu vya mashindano, Baraza ndilo lililochagua simulizi ya kutia ndani, na asiyevaa viatu vya Baraza hakuruhusiwa hata kusogelea mstari.

Akafika penye mwinuko wa kuelekea kanisani. Hapo Emiliana alikuwa haendi taratibu hata mara moja. Mwinuko ulimchokoza. Soli zilikuwa zikifika hapo zinaanza kumrusha Tluway, mzee wa watu, mpaka anafika juu anahema huku anacheka peke yake kama kichaa.

Leo hazikumrusha. Alipiga hatua, akasubiri, akapiga nyingine. Kilima kilikuwa kilima tu, na magoti yalikuwa magoti yake.

Akasimama, akapiga kisigino chini. "Vitu vya serikali," alisema. "Hata kiatu wanakutengenezea cha kufa."

*

Kwenye mashine foleni ilikuwa imeshajipanga, akina mama na debe zao, na katikati yao mgeni. Msichana wa mjini, koti zuri la mvua, kilemba cha buluu, sanduku jembamba chini ya kwapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni unga, panga foleni. Kama ni Baraza, panga foleni vilevile."

Akina mama walicheka. "Ni Baraza," alisema yule msichana. "Nitapanga."

Akapanga kweli, nyuma ya mama mwenye mtama, akasimama kwenye vumbi la pumba mpaka zamu yake. Tluway hakupenda. Alikuwa amezoea watu wa Baraza wanaoshuka kwenye gari wakiwa wamekasirika tayari. Huyu alimnyima sababu.

"Naitwa Salha Mwinchande," alisema alipofika mbele, akaweka sanduku juu ya mzani. "Mimi ni mchoraji wa viatu."

"Ulichora na vile vilivyomwua mke wangu?"

"Hapana, mzee. Wakati huo nilikuwa bado nasoma."

"Basi shukuru shule."

Tluway alizima mashine. Salha akafungua sanduku, akatoa kiatu kimoja, chekundu kama moyo wa pilipili, akakishika kwa mikono miwili. Akaanza kumwonyesha polepole, bila ile sauti ya kufundisha. Huu mkunjo ubavuni ni mgongo wa Hanang, ulivyo ukiuangalia kutoka huku. Kisigino kimekazwa, kinasema subira. Hizi nukta zinazoshuka kwenye kamba ni jasho. Na ncha imepindwa juu, hivyo aliyekivaa anakuwa kama anaangukia mbele muda wote. Ncha inasema kesho.

"Mtu hukisoma kwa macho kabla hajakigusa," alisema. "Akikivaa anakisoma kwa mguu. Macho na mguu vikikubaliana, anaamini. Hapo hata ukimwambia vingine hasikii."

"Kinaitwaje?"

Salha alikigeuza soli juu. "Emiliana."

Mama mmoja kwenye foleni alijishika kinywa. Tluway alikaa kwenye gunia, akavua vile vya kijani, akadai pacha la kile chekundu, akavivaa vyote viwili. Akatembea kutoka mlango wa mashine mpaka kwenye uzio, akarudi, akaenda tena, mpaka soli zikapata joto.

Mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa mwepesi. Visigino vyake vyote viwili vilikwenda sawa, hakuvuta hata kimoja. Alipumua kwa miguu, kama unaweza kusema hivyo. Hakuchoka alipofika kwenye uzio, hakuchoka aliporudi. Kila Tluway alipotaka kupunguza mwendo, kitu chini ya unyayo kilimpapasa na kumwambia bado, bado kidogo. Mwishoni soli zilimnyanyua vidole vyote kwa pamoja, na mikono yake ikajikuta inapanda juu, hapo mbele ya watu, kama mtu aliyeshinda.

Aliishusha haraka.

"Huyu simjui," alisema.

"Tumemjenga kwa picha za televisheni," Salha alikiri. "Na kwa maneno ya kocha."

"Mnamjenga mtu kama mnajenga zizi."

"Ndiyo maana nimekuja, mzee. Soli zake za siku ile unazo wewe. Tukizisoma, kiatu kitakuwa yeye."

"Mkizisoma zinakuwaje?"

"Kuzisoma mpaka chini kabisa ni kuziyeyusha." Hakumkwepa macho. "Hazirudi."

Tluway alivua vile vyekundu, akavirudisha kwenye mzani, akavaa tena vya kijani. "Na pale darajani?"

"Darajani pana nini?"

"Alisimama."

Salha aliwatazama akina mama, kisha akamtazama yeye. "Taarifa ya Baraza inasema hakusimama mahali popote."

"Taarifa ilivaa viatu?"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu Katesh alikuwa ameisikia habari hiyo kutoka kwa Tluway, wengine mpaka wakawa wanabadili njia wakimwona. Mbio zile za jijini, jua la mchana, kwa sababu wakubwa walitaka ziishe wakati wageni wao wanakula. Viatu vya Baraza, hivihivi vya kijani, vilikuwa na simulizi ya mshindi asiyechoka, na mwanamke mwenye homa alivivaa, asijue tena uchovu upi ni wake na nguvu ipi ni ya kiatu. Alimaliza wa tatu. Alianguka baada ya mstari, hakuinuka. Lakini katika mwendo wa kwanza aliotembea Tluway na viatu vile, alikutana na kitu. Katikati ya mbio, pale palipokuwa na daraja la reli, miguu ilikita. Visigino vyote viwili vilichimba chini kwa nguvu zote za mwanamke yule mkubwa. Hapana. Hapana. Kisha soli zikamsukuma kutoka chini, tena, na tena, mpaka visigino vikaachia. Alikwenda na habari hiyo mpaka kwenye tume. Tume ilikaa, ikanywa chai, ikasema mguu hauwezi kutoa ushahidi. Yote hayo akamsimulia na Salha.

"Kama yumo pale, nitamweka," Salha alisema taratibu. "Nitapachora na kwa nje, watu wapaone. Ila mimi nachora tu. Juu yangu wapo wanaopitisha. Sitakudanganya, mzee wangu. Wanaweza kupapiga pasi, pakawa laini kama pengine."

"Na nikikataa?"

"Kiatu kitatoka hivihivi. Kinaanza na wasichana wa kambi ya hapa."

*

Kambi ya hapa ilikuwa ya Fabiola, mdogo wake Emiliana, na Fabiola alifika kabla jua halijasimama, filimbi shingoni, jasho la mazoezi halijamkauka.

"Shemeji," alisema mlangoni, "nasikia leo umenyanyua mikono. Tukupe medali?"

"Nipe maji ya kunywa, uache ushambenga."

Kisha akaona viatu vya kijani miguuni mwa Tluway, na utani ukamwisha usoni; saa anazokwenda shemeji mashineni, yeye huwa mazoezini.

Tangu soli hai ziingie, familia za wakimbiaji wa Katesh zilikuwa na desturi yao. Marehemu hurudi na viatu vyake. Siku ya kuanua tanga, mtu mmoja wa nyumbani huvivaa na kumtembeza marehemu kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwake, watu wakifuata kimya, na hiyo huitwa kumrudisha. Mara moja tu. Baada ya hapo viatu hutundikwa kwenye kenchi, juu chini ya paa, na hakuna mguu unaoingia tena. Hakuna aliyeeleza sababu. Wengine walisema ni heshima, wengine walisema ni mkosi.

"Ulimrudisha," Fabiola alisema. "Sote tulikufuata. Tuliviona vikipanda kenchi."

"Niliviteremsha."

"Lini?"

"Kesho yake."

Fabiola alikaa chini. Salha, aliyekuwa bado pembeni, alitoa kwenye mfuko wake kitu kama sinia dogo la kioo. "Hiki hakiyeyushi," alisema. "Kinachungulia tu. Naomba, mzee."

Labda angekataa, lakini ule mwinuko wa asubuhi ulikuwa bado unamuuma. Alivua, akaviweka. Kioo kikawaka. Nyayo mbili zilitokea, kubwa, na ndani yake rangi mbili. Kijani ilikuwa kidogo, kama majani yaliyobaki baada ya mbuzi kupita. Kijivu ilikuwa imeenea kila mahali.

"Kijani ndiye?" Tluway aliuliza.

"Ndiye."

"Na hii?"

Salha alipitisha kidole juu ya kijivu. "Soli hai haiachi kujifunza, mzee. Kila anayeivaa inamwandika juu ya aliyetangulia. Kijivu ni wewe."

Nje mama mmoja aliuliza kama mashine itawashwa leo au arudi na mahindi yake.

"Pamebaki hapa tu pazima," Salha alisema, akaonyesha visiginoni. Madoa mawili ya kijani, meusi kwa wingi wake. "Aliposimama. Alikanyaga kwa nguvu mno, imeingia mpaka chini. Lakini napo panaliwa. Ukiendelea, panalingana."

Tluway alitazama madoa yale. Alikuwa akifikiri mwinuko wa kanisani umechakaa kwa sababu ya ubovu wa kazi za Baraza. Alikuwa ameshapanga mpaka maneno atakayowatukania.

"Wao ndio waliotengeneza hivi," alisema. "Wangeweza kutengeneza kinachodumu. Walijua mtu atavivaa. Wanajua kila kitu, hawakujua hilo?"

"Tluway." Fabiola hakusema shemeji. "Baraza lilimwua dada yangu mara moja. Wewe unamfuta kila asubuhi."

"Tokeni."

"Nisikilize kwanza..."

"Tokeni kwenye mashine yangu. Wote wawili."

Waliondoka. Fabiola aliondoka analia, Salha akiwa amekumbatia sanduku lake. Tluway akawasha mashine na kusaga kila kilichokuwa kwenye foleni. Mama mmoja alilalamika unga una mawe.

*

Aliviweka viatu kwenye kenchi, akaenda kazini na kandambili.

Kandambili hazina habari yoyote. Zinapiga kisigino, pa, pa, na zinachosema tu ni kwamba mtu anapita. Alipita kwenye ghala la vitunguu, hakuna aliyekuja. Alipanda mwinuko wa kanisani, akafika juu bila kuhema, kwa sababu hapakuwa na wa kumkimbiza. Jioni alipika ugali, akakuta amepika wa watu wawili, akamwagia kuku. Mchana mwingine aliteremsha viatu, akaingiza mkono ndani badala ya mguu, akakandamiza kisigino kwa kiganja. Utomvu ulikuwa baridi. Kiganja hakijui kusoma. Akavirudisha juu haraka, kama mtu aliyekamatwa.

Alifikiri kumpa Salha. Msichana yule hakuwa mwongo, hilo alilikubali, na lilimkera. Lakini alizijua ofisi. Ofisini mtu mwema ni kama chumvi kwenye ziwa, yumo lakini humwoni. Wangempiga pasi. Emiliana angeingia miguuni mwa wasichana wa nchi nzima akiwa hana kifundo kibovu, hana homa, hana hapana. Kisha alifikiri kuviacha kenchini mpaka afe, vizikwe naye, na madoa yale mawili yakae salama gizani, bila kumwambia mtu kitu.

Wasichana wa Fabiola walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake kila asubuhi, peku wengine, wengine na viatu vya kuachiwa na wakubwa wao vilivyokwisha kunyamaza. Walikuwa wakiimba huku wakikimbia. Siku hiyo mmoja alibaki nyuma, akasimama kwenye uzio wa Tluway, akashika kiuno, akatema mate.

"Una nini wewe?" Tluway alimwuliza akiwa dirishani.

"Nimechoka, babu." Akasema kama mtu anayetaja jina lake. Akapumzika, akawafuata wenzake taratibu.

Tluway alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha akapanda kwenye stuli, akanyoosha mkono kenchini.

*

Uwanja wa kambi ulikuwa shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Fabiola alimwona anakuja na viatu vya kijani mkononi, akapuliza filimbi ya kusimamisha mazoezi, akakunja mikono.

"Umekuja kugombana?"

"Wapange. Wote. Wavae, mmoja mmoja, watembee mpaka vipate joto, kisha wakimbie kidogo. Watakutana naye."

Fabiola alimtazama kana kwamba hakumsikia. "Wakivaa wote atakwisha."

"Najua."

"Hatabaki hata kwenye hicho kioo cha yule dada. Ukitaka siku moja kwenda tena kwenye tume..."

"Tume haina miguu, Fabiola. Hawa wanayo." Alimkabidhi viatu. "Vile vyekundu vinakuja vije. Vitawaambia bado kidogo, bado kidogo. Mimi nimevivaa, najua vinavyobembeleza. Nataka wawe wamewahi kusikia mtu akisema hapana."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na mashine."

Wa kwanza alikuwa yule aliyesimama kwenye uzio. Yustina aliitwa, mrefu, masikio yamesimama. Alivaa, akatembea, akaanza kukimbia kandokando ya shamba. Katikati ya safari mwili wake wote ulijifunga. Alikita visigino, mabua yakaruka. Alisimama pale, kisha soli zikaanza kumsukuma, na kwa mbali walimwona anajizuia, anainama, anashika nyasi.

"Usiende," Fabiola alimwita. "Jua ni nani anayekusukuma. Kisha vua."

Alirudi na viatu mkononi. "Kuna mtu amekanyaga breki," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na kuna mtu mwingine amekanyaga mafuta."

"Wa breki ni mama yako mkubwa," Fabiola alimwambia. "Mkumbuke huyo."

Wakaendelea. Mmoja aliporudi alilia, mwingine alicheka kwa woga, mwingine alisema anasikia joto machoni kama homa. Tluway alikaa kwenye jiwe, mgongo kwao. Kila msichana alipoanza kukimbia alisikia kwa mbali mahali visigino vilipokita, na kila mara viliposimama vilisimama kwa upole zaidi kuliko mara iliyopita. Hakuhitaji kioo. Alitaka kusimama na kusema inatosha, nirudishieni kidogo, nirudishieni hata kipande cha kisigino. Alishika jiwe kwa mikono miwili na kukaa.

Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote. Alizunguka shamba zima bila kusimama, akaja mbele ya Tluway, amesikitika kama aliyevunja sahani ya watu.

"Babu, mimi simsikii mama. Namsikia mzee mmoja tu, anatembea."

"Anatembeaje?"

Mtoto alifikiri. "Kama anamtafuta mtu."

"Vua, mama," Tluway alisema. "Pole. Umechelewa kidogo tu."

*

Viatu vyekundu vilifika na gari la Baraza, na mbio za mkoa zikafanyika Babati. Wasichana wote walisimama mstarini na mgongo wa Hanang ubavuni mwa miguu yao. Kipaza sauti kilisema leo Emiliana atakimbia tena, na watu wakapiga makofi, na wengine walifuta macho. Tluway alipewa kiti jukwaani, kwa heshima. Alikiacha, akaenda kusimama barabarani, kwenye kituo cha maji.

Salha alimkuta hapo. Alikuwa amekonda.

"Nilijaribu," alisema. "Nilipachora pale darajani kwa jinsi ulivyonisimulia. Walipapiga pasi."

"Ulisema mwenyewe wangepapiga."

"Nilisema." Akasimama naye, hakwenda kukaa na wenzake.

Jua lilikuwa kali, kwa sababu mkubwa mmoja alichelewa kufika kupiga bastola, na nani angemwambia. Wakimbiaji walipotokea kwenye kona, Yustina alikuwa mbele kabisa. Alikimbia vizuri mno. Visigino vilikwenda sawa, ncha zikimwangusha mbele, uso wake umetulia kama wa picha. Tluway aliutazama uso ule, akaona macho. Macho hayakuwa yanatazama kitu. Midomo ilikuwa mikavu, nyeupe kwenye kona.

Alishika kikombe cha maji mpaka kikapondeka. Hakumwita. Hakuwa na haki ya kumsukuma, wala ya kumvuta. Wa kusukuma na kuvuta walikuwepo tayari.

Yustina alikita visigino.

Palepale kwenye lami, mbele ya meza ya maji, mwili wake ulijifunga. Viatu vilimpapasa, ukaona vinavyompapasa, magoti yakamchezacheza, mguu mmoja ukainuka bila ridhaa yake. Aliurudisha chini. Uliinuka tena, akaurudisha chini. Nyuma yake mwenzake alimpita, kisha mwingine. Mtu wa Baraza mwenye kofia alikuja mbio kutoka ng'ambo.

"Wewe, endelea. Unaongoza. Unasimama nini?"

Yustina alikuwa ameshainama anafungua kamba. Fundo lilimshinda, akalikata kwa meno.

"Nimechoka, mzee," alisema.

"Hujachoka. Angalia viatu vyako, vinasema hujachoka."

"Viatu havijachoka." Akavua kimoja, akavua cha pili, akakaa kwenye lami ya moto kwa makalio, miguu peku mbele yake, akahema. "Mimi ndiyo nimechoka."

Yule wa kofia alimtazama Salha, amsaidie. Salha alikuwa ameshapiga magoti, anamfungua msichana kola ya fulana. Tluway alileta maji. Alimmwagia kichwani, akamnywesha kidogo kidogo, kisha, kwa shida ya magoti yake, akakaa naye barabarani. Alikuwa na mtu pembeni yake na hata hivyo upande ule mwingine, ambako Emiliana angekaa, upepo ulipita bila kizuizi.

Viatu vya namna ile havizimiki ukivivua. Vinaendelea mpaka soli ipoe, na lami ya Babati ilikuwa haijui kupoa. Vilibaki vimelala ubavu katikati ya barabara, vyekundu, ncha zimepinda juu. Vilitikisika na kujisogeza vyenyewe kidogo kidogo kuelekea kwenye mstari wa kumalizia, vikiiambia lami habari za mwanamke ambaye hakuwahi kuchoka.